Wadogo zangu mnaoanza saikolojia mwaka wa kwanza, haya ndo yalonipiga mimi

Test ya kwanza ya saikolojia nlipata 9 kwa 20, na nlitoka kwenye chumba cha mtihani nacheka, nawaambia wenzangu leo nimeua. Hapo ndo ubaya wa hili somo. Ukikaa kwenye lekcha ya takwimu unajua kabisa hujui, unashika kalamu kwa adabu. Saikolojia inaongelea watoto, usahaulifu, hasira, tamaa, vitu unavyoviona nyumbani toka uko mdogo, kwahiyo slaidi ikipita unatikisa kichwa "hii naijua", kumbe unachokijua ni neno la mtaani na mtihani unauliza neno la darasani, yanafanana sura tu.

Swali lililonimaliza nalikumbuka mpaka leo. Mama yuko dukani na mtoto, mtoto anataka pipi, mama anakataa, mtoto anajitupa chini analia, watu wanageuka kuangalia, mama aibu imemshika ananunua pipi, mtoto kimya. Eleza uimarishaji uliotokea, yaani kile kilichofanya tabia irudiwe. Mimi nikaandika mtoto kazawadiwa kwa kulia, nukta, nikahamia swali lingine. Nikapewa nusu ya alama, kwa sababu pale waliofundishwa ni wawili. Mtoto kalia akapata pipi, kitu kimeongezwa, kesho atalia tena, huo ni uimarishaji chanya. Mama katoa hela na kelele zikaisha, kitu kimeondolewa, kesho atatoa hela mapema zaidi, huo ni uimarishaji hasi. Ukisikia "hasi" kichwa kinakimbilia kwenye ubaya, unaandika adhabu, umeliwa. Hasi hapo ni ya hesabu, alama ya kutoa.

Mimi baada ya hapo nikawa najiuliza maswali mawili tu, na kwa mpangilio huohuo: tabia imezidi au imepungua? Alafu, kitu kimeletwa au kimeondolewa? La kwanza linakwambia ni uimarishaji au adhabu, la pili linakwambia chanya au hasi. Kijana kachelewa kurudi ukamnyang'anya simu, akaacha kuchelewa, hiyo ni adhabu hasi. Ukamchapa akaacha, adhabu chanya, na ndio, masikio yanakataa kuita fimbo chanya ila ndo utaratibu wenyewe. Na kama anachapwa kila wiki na bado anachelewa, kwa Skinner, mwanasaikolojia mwenye nadharia hii, hiyo sio adhabu, ni fimbo tu.

Ukishaelewa hapo, ratiba za uimarishaji, yaani malipo yanakuja kwa mpangilio gani, hazitakusumbua, na bahati nzuri mtaa umejaa mifano. Fundi cherehani analipwa kwa kila shati, idadi inajulikana. Mshahara unakuja mwisho wa mwezi, muda unajulikana, ndo maana tarehe 10 watu wanafanya kazi kwa uvivu. Sasa mkeka wa kubeti ni kitu kingine kabisa, hujui ni wa ngapi utajibu, wa pili au wa mia mbili, kwahiyo kila ukichanika unasema unaofuata huu. Njiwa wa Skinner walidonoa kitufe kwa mtindo huohuo, malipo yasiyotabirika idadi, na ukikata malipo kabisa wanaendelea kudonoa muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Roommate wangu aliweka nusu ya boom, hela ya mkopo wa chuo, kwenye mikeka, nikamuelezea hii nadharia vizuri kabisa, akasema ni kweli, akaweka tena.

Pavlov wengi mnakuja mmeshamsikia, yule wa mbwa waliozoeshwa kengele na chakula mpaka wakawa wanatoa mate kwa kusikia kengele tu. Jueni tu kwamba hakuwa mwanasaikolojia, alikuwa mtu wa fiziolojia, na Nobeli yake ya 1904 ilikuwa ya mambo ya mmeng'enyo wa chakula. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kukariri mbwa peke yake, mwalimu akibadilisha mfano wanapotea. Mpeleke mtoto kliniki. Sindano inauma, mtoto analia, hakuna aliyemfundisha, kwahiyo sindano ni kichocheo asilia na kilio ni mwitikio asilia. Nesi amevaa koti jeupe, koti mwanzoni halina maana yoyote. Mara ya tatu, ya nne, mtoto anaona koti mlangoni anaanza kulia kabla hata sindano haijatolewa kwenye pakiti. Koti limekuwa kichocheo cha kufundishwa, na kile kilio cha mlangoni ni mwitikio wa kufundishwa, japo ni kilio kilekile. Na akilia kwa kumuona kinyozi mwenye koti jeupe, huo ni ujumlishaji. Ukiweza kuupanga huu mfano bila kuangalia daftari, mbwa watakuja wenyewe.

Tofauti ya Pavlov na Skinner, maana lazima itoke: kwa Pavlov kitu kinakutokea na mwili unaitika, hujafanya chochote. Kwa Skinner unafanya wewe kwanza, alafu matokeo ndo yanaamua kama utarudia.

Kuna mada moja nataka muisome kwa heshima, mahusiano ya mtoto na mlezi wake, kwa sababu ina asili ya huku kwetu na wahadhiri wengi wanaipita haraka. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth kabla hajawa maarufu kwa ile maabara yake ya Baltimore alikaa Uganda, 1954 na 1955, akawa anatembelea familia za Waganda vijijini karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, anakaa saa mbili hivi anaangalia mama na mtoto wanaishije. Watoto 28, familia 26. Kitabu chake cha huo utafiti kilitoka 1967. Yale aliyoyaona kwenye nyumba za Uganda, mtoto kumfanya mama kama kituo, anatambaa kwenda kuchungulia dunia alafu anarudi, ndo yalibebwa mpaka Marekani yakawa lile jaribio la chumba kigeni: mama anatoka, mgeni yupo, mama anarudi, watafiti wanaandika.

Na hapa pana mtego uleule wa neno la mtaani. Ukiulizwa mtoto gani ana uhusiano salama, kichwa kinasema yule asiyelia mama akitoka, si amejiamini. Hapana bwana. Kulia au kutolia mama akitoka hakukupi jibu peke yake, angalia anaporudi. Mwenye uhusiano salama anamfuata mama, anatulia, anarudi kucheza. Anayekwepa anageuza uso kama hajamuona. Na yule wa tatu anataka kubebwa na hapohapo anampiga mama mateke, hatulii. Nilipoisoma hii nikamkumbuka mtoto wa dada, nikataka kumpa jina la kundi palepale sebuleni, na hilo nawakataza. Ukifika wiki ya sita utaanza kumuona kila ndugu ana ugonjwa. Mimi nlimwambia mama mdogo kwamba kusugua sufuria kila saa ni dalili, akanikabidhi sufuria.

Freud, yule wa mambo yaliyojificha akilini, msimkwepe ila msimpende sana, mtu anaandika kurasa tatu za Freud kwenye swali la alama tano. Maslow naye, ile piramidi ya mahitaji ya binadamu mnayoichora kwa rula hata haimo kwenye makala yake ya 1943, ngazi za mahitaji zimo, mchoro waliuweka watu wengine baadae. Milgram, yule aliyepima utii kwa kuwaamuru watu wampige mwenzao shoti za umeme, takwimu moja tu inatosha, 26 kati ya watu 40 walifika mpaka volti 450 za bandia, alafu alama zilizobaki zitafute kwenye kueleza kwa nini, maana akiwekwa mtu mwingine anayegoma kuendelea, utii unashuka vibaya.

Kumbukumbu nimeiacha mwisho kwa sababu ndo mada inayojisomesha yenyewe. Watafiti Loftus na Palmer, 1974, waliwaonesha wanafunzi filamu za ajali za magari alafu wakawauliza magari yalikuwa na spidi gani, tofauti ikiwa kitenzi tu. Fikiria kwa Kiswahili, "yalipogusana" na "yalipobamizana". Waliopewa kitenzi kizito walitaja wastani wa kama maili 41 kwa saa, waliopewa chepesi kama 32. Kwenye jaribio lao la pili watu walirudi baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo kabisa. Kwenye kundi la kitenzi kizito 16 kati ya 50 walisema waliviona, kwenye kundi la "gongana" ya kawaida walikuwa 7. Tangu siku hiyo nikisikiliza mashahidi wa ajali ya daladala kijiweni nakaa kimya tu.

Sasa ya kwenu. Mimi nlikuwa napiga msuli kwa kurudia kusoma desa, yaani notsi, mara nne, na kalamu za rangi, mpaka kurasa zimekuwa za njano zote, na nlikuwa nahisi imeingia. Watafiti Roediger na Karpicke, 2006, walijaribu hicho hicho kitu: kundi moja lilisoma kifungu mara nne, lingine lilisoma mara moja alafu likajikumbusha mara tatu bila kuangalia. Baada ya dakika tano wasomaji wa mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja wakawa na 40, wenzao 61. Hiyo dakika tano ndo inayotudanganya, unafunga daftari saa nane usiku kila kitu kipo, unalala na amani, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni wiki ijayo.

Nikabadilisha, nikakata maboksi ya sabuni vipande vidogo, mbele naandika tukio, mfano "nesi, koti, kilio", nyuma naandika majina, na nakuwa najiuliza kwenye foleni ya kantini, tena kwa kuruka siku, sio zote usiku mmoja. Matukio nilikuwa nayatunga mwenyewe kutoka mtaani, maana ya kitabuni nlikuwa nakumbuka jibu bila kuelewa swali. Sapu, yaani mtihani wa marudio, ya saikolojia sikuwahi kuwa nayo. Msiniombe hizo kadi, sina, tulivyohama geto yule wa mikeka aliziwashia mkaa.