Mashine ya kufulia: kabla ya kuuliza jina la kampuni, pima maji ya kwako

Mkuu, umeuliza hivi: familia ya watu sita Dar es Salaam, maji ya simtanki juu ya mnara wa mita tatu, umeme unaopanda na kushuka, na unataka mashine inayotakatisha kweli na isiyokufa mapema. Hujui uchukue ya mlango wa mbele, ya kufungukia juu au ya matenki mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Wengi wamekujibu kwa majina ya kampuni. Jina la kampuni liweke mwisho. Mashine iliyomtumikia jirani miaka kumi inaweza kukusumbua wiki ya kwanza, kwa sababu maji yako na ya jirani hayafanani.

Anza na msukumo wa maji. Nyuma ya mashine, pale unapofungwa mpira wa kuingizia maji, kuna vali ya umeme. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Umeme hufungua tundu dogo tu. Kinachokisukuma kiwambo kifunguke ni nguvu ya maji yenyewe. Vitabu vingi vya mashine za mlango wa mbele vinataka msukumo wa kuanzia baa 0.5 (baa ni kipimo cha msukumo), vingine baa 1 kamili. Tenki linatoa baa 0.1 kwa kila mita moja ya kimo, na kimo hicho kinapimwa kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi kwenye vali, si hadi chini ya mnara. Mnara wa mita tatu, ongeza mita moja ya maji yaliyomo tenkini, toa karibu mita moja ambayo vali imeinuka kutoka sakafuni: umebaki na mita tatu, yaani baa 0.3. Hapo bado hujatoa kinachopotea kwenye kona na mabomba ya nusu inchi. Tenki likishuka nusu, unapungua zaidi.

Matokeo yake ni haya. Mashine inawaka, maji yanachuruzika, inasubiri dakika kadhaa, halafu inalia na kuandika hitilafu: LG huandika IE, Samsung 4C au 4E kwa zile za zamani. Fundi anaitwa, vali inabadilishwa, na vali mpya inafanya vilevile. Pesa imetoka na tatizo liko palepale, kwa sababu lilikuwa juu ya mnara tangu mwanzo.

Kwa hiyo pima vitu viwili. Kimo, kama nilivyoeleza. Na wingi wa maji: fungua lile bomba utakalounganisha mashine, kinga ndoo ya lita 20. Ikijaa ndani ya dakika mbili na nusu unapata lita 8 kwa dakika, zinatosha. Ndoo ikijaa upesi lakini kimo ni kidogo, usijidanganye, msukumo bado haupo. Dawa ni kuinua tenki kufikia mita sita au saba, au kuweka pampu ndogo ya nusu hosipawa yenye swichi ya kujiwasha na kujizima, ikae baada ya tenki. Kama huwezi kimojawapo, mlango wa mbele achana nao kwanza.

Na hapo ndipo niitetee mashine ya matenki mawili, ambayo watu wanaidharau bure. Haihitaji msukumo wowote, unaijaza hata kwa ndoo. Haina bodi, yaani ile saketi ya umeme inayoiongoza mashine, ya kuungua. Ina taima za kuzungusha, mota mbili na kapasita. Mota ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita imechoka, kifaa cha bei ndogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Tenki la kukamulia likivuja kwa chini ni sili yake, ibadilishwe mapema kabla maji hayajaifikia mota. Maji yasipotoka, fungua vali ya kutolea, utakuta nyuzi za nguo zimeibana isikae vizuri. Fundi yeyote wa mtaani anaimudu. Tena wakati wa mgao wa maji ina faida ambayo mashine nyingine hazina: maji yaleyale ya sabuni unafulia nyeupe, kisha za rangi, kisha jinzi na nguo za kazini. Kasoro yake ni kwamba lazima uwepo, uhamishe nguo kwa mkono kwenda kukamua, na nyingi hazina hita.

Ya kufungukia juu inayojiendesha yenyewe iko katikati. Nyingi zinavumilia msukumo mdogo kuliko za mlango wa mbele, na ukitaka unaongezea maji kwa ndoo. Lakini inakunywa: mzigo mmoja mkubwa unaweza kula lita 120 hadi 150, wakati ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8 inamaliza kazi yote kwa lita 50 hivi. Tena kisahani kinachozunguka chini huzipindapinda nguo ndefu. Kanga, madera na mashuka hutoka yamefungana kama kamba, na mishono ya dera jepesi huumia.

Sasa kutakatisha. Mtaalamu wa sabuni wa Kijerumani, Herbert Sinner, aliligawa suala hili katika mambo manne: kemia, joto, msuguano na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Mashine ya mlango wa mbele inasugua kwa kuzipandisha nguo juu na kuziangusha. Ikishindiliwa, nguo haziwezi kuanguka. Zinazunguka kama furushi, na zile za katikati hutoka na jasho lao. Kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za pamba kavu kwenye programu ya pamba. Programu ya nguo za nailoni na poliesta hubeba nusu ya hapo, na ile ya dakika 15 hubeba kilo moja na nusu au mbili tu. Taulo kubwa la kuogea lina kama nusu kilo, jinzi ya mtu mzima kama gramu 700. Huhitaji mizani: nguo zikishaingia, kiganja kilichosimama wima kipite kati ya nguo na dari ya dramu. Kisipopita, punguza. Kwa watu sita chukua kilo 8 au 9. Blanketi zito la manyoya lisikufanye ununue mashine ya kilo 12. Hilo lifue kwa mkono juani mara chache kwa mwaka.

Joto linaogopwa kwa sababu ya LUKU, lakini hebu tupige hesabu. Kwenye hatua ya sabuni, mashine ya mlango wa mbele hubaki na kama lita 15 za maji. Maji ya Dar yakiingia na nyuzi 28, kuyafikisha 40 kunahitaji kama uniti 0.2. Kufika 60 ni karibu uniti 0.6, na juu yake kuna kiasi kinachopotelea kwenye nguo na chuma. Ukosi wa shati jeupe na foronya vina mafuta ya mwili, na mafuta hayo hayatoki vizuri kwenye maji baridi. Nyuzi 40 ndizo za kila siku, 60 kwa mashuka, taulo na nguo za mtoto. Doa la damu au maziwa liloweke kwenye maji baridi kwanza, maana joto hulipika likagandia kwenye uzi.

Sabuni ndiyo inayoua mashine nyingi kimyakimya. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi. Kwenye dramu povu hilo linakuwa godoro, nguo zinaangukia kwenye ulaini, msuguano unakwisha. Pampu haiwezi kuvuta povu, kihisio cha maji kinadanganyika, mashine inakataa kukamua au inaongeza suuza juu ya suuza. Nunua iliyoandikwa kwenye pakiti kuwa ni ya mashine. Mzigo kamili wa kilo 7 ni gramu 80 hadi 100. Kijiko cha chakula kilichojaa bila mlima ni kama gramu 10 hadi 15. Kama unatumia maji ya kisima, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi, ongeza kidogo. Maji hayo pia huacha utando mweupe kwenye hita. Kila baada ya miezi miwili au mitatu weka gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya dramu tupu, endesha nyuzi 60. Usichanganye na jiki hata tone, gesi ya klorini inayotoka ni sumu.

Uimara uko wapi? Muuzaji atakuonyesha stika ya miaka 10 ya mota. Soma maandishi madogo: dhamana hiyo ni ya mota peke yake, na mota za inveta, zile ambazo kasi yake inaongozwa na bodi, ni nadra kufa. Kinachokufa ni bodi, pampu, kufuli ya mlango na beringi, na hivyo kwa kawaida vinalindwa mwaka mmoja au miwili. Mota ya inveta bado ni nzuri, haina brashi za kaboni za kulika, na inatulia wakati wa kukamua. Mota ya brashi nayo si mbaya, brashi ni za bei rahisi. Fundi asikuambie mota nzima imekufa kabla hajazitoa na kuzipima urefu.

Beringi ndizo za kuulizia sana. Nyuma ya dramu kuna beringi mbili na sili mbele yake. Sili ikichoka, maji yanapenya, grisi inatoka, kutu inaingia, na mashine inaanza kunguruma kama kinu cha kusaga unga kila inapokamua. Kwenye mashine ambazo tenki la nje, lile linaloizunguka dramu na kushika maji, limefungwa kwa skrubu, fundi anafungua, anapiga beringi mpya na sili, kazi imekwisha. Kwenye zile ambazo tenki limechomelewa plastiki kwa plastiki, ama unanunua tenki na dramu nzima, ama fundi analikata kwa msumeno na kulirudishia kwa boliti na silikoni, na uvujaji haubaki mbali. Chukua namba ya modeli dukani, nenda kwa wauza vipuri Kariakoo kabla hujalipa, uliza beringi, mpira wa mlango, pampu na bodi. Wakikosa viwili kati ya hivyo, tafuta modeli nyingine, hata kama hiyo ina punguzo.

Ukiangukia mtumba, kuna kipimo cha sekunde tano. Fungua mlango, shika ukingo wa juu wa dramu kwa ndani, uinyanyue na kuishusha. Dramu na tenki la nje vikisogea pamoja, hizo ni springi, ni sawa. Dramu ikicheza peke yake, kuna mlio wa kugonga, beringi zimekwisha. Kisha soma kibati cha nyuma: unatafuta volti 220 hadi 240, hezi 50. Mashine ya Marekani ni volti 120 na hezi 60, ya Japani ni volti 100. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, na mota au pampu iliyotengenezewa hezi 60 itazunguka polepole na kupata joto.

Kuhusu umeme wako: ile gadi ndogo ya friji ya ampea 5 usiitumie hapa. Hita ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, itaiyeyusha. Tafuta ya ampea 13 inayokata umeme ukishuka au kupanda, soketi iwe na ethi ya kweli, na usiunge kwenye kebo ya soketi nyingi. Uliza pia kama mashine hukumbuka ilipoishia umeme ukirudi. Zisizokumbuka zinaanza upya na kukulia maji mara mbili.

Kwa hali uliyoeleza, jibu langu ni hili. Kama uko tayari kuweka pampu, chukua ya mlango wa mbele kilo 8, yenye inveta, hita, na tenki la skrubu. Kama hutaki pampu, matenki mawili ya kilo 10 au 12, na maji ya moto yachemshie jikoni kwa zile nyeupe. Ile inayofua na kukausha humohumo iache. Inakausha kama nusu ya inachofua, na jua tunalo.

Ikifika nyumbani ya mlango wa mbele, nyuma utaona boliti tatu au nne za kushikilia dramu safarini. Zitoe zote kwa spana, nyingi namba 10 au 13, uzitunze kwa siku utakayohama. Ukiwasha zikiwa ndani, mashine itaruka chumba kizima na shokamzoba zitaumia siku hiyohiyo. Zungusha miguu hadi isitikisike ukiisukuma pembeni kwa pembeni. Mpira wa kutolea maji uinue sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukiulaza chini, maji yanajitoa yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza, na utadhani vali imeharibika. Endesha mara ya kwanza bila nguo. Kila mwezi fungua chujio la pampu chini mbele, weka beseni kwanza, utoe sarafu na pini, na kile kichujio kidogo cha waya kwenye vali ukioshe mchanga. Ukimaliza kufua, futa mpira wa mlango kwenye mikunjo ya chini, na mlango uuache wazi.