Ukichomoa disributa, anza na pistoni

Dogo, wewe uliyeingia gereji juzi juzi hapa Nyakato au kule Igoma, haya ya disributa, kile kifaa kinachogawia kila plagi moto kwa zamu, nakuandikia kabla hujashika gari ya mtu peke yako. Gari mpya zina koili juu ya kila plagi, haya hayazihusu. Ila Mwanza bado tunazo injini za Toyota za 5A, 4A, 7A, 5K, 4Y na 22R za kutosha, na kila moja siku yake ya kuchomolewa disributa itafika: oringi imekauka na oili inavuja, bushi imelika, au silinda hedi inashushwa.

Kwanza jiulize kama kweli inatakiwa kutoka. Gari zinazooshwa ziwani kwa pampu huletwa haziwaki, na kijana anakimbilia spana namba 12. Fungua kofia ya disributa tu. Ikaushe kwa kitambaa, kisha igeuze kwenye mwanga uangalie ndani. Ukiona mstari mweusi mwembamba unaotoka ncha moja kwenda nyingine, moto umeshajipatia njia ya mkato na kofia hiyo haina maisha, nunua nyingine. Disributa iache mahali pake.

Kama ni lazima itoke, chomoa waya hasi wa betri, vua kofia na waya zake zote za plagi zikiwa juu yake, uiweke kando. Usichomoe waya wa plagi hata mmoja. Sasa piga alama mbili: moja inayoonyesha rota, yaani kile kidole kinachozunguka chini ya kofia, inaelekea wapi kwenye bodi ya disributa, nyingine inayounganisha bodi na injini. Kukwaruza kwa ncha ya bisibisi ni bora kuliko rangi, maana petroli ya kuoshea inafuta rangi. Simu unayo mfukoni, piga na picha.

Halafu vuta taratibu huku macho yako kwenye rota. Kwenye injini ambazo disributa inashika gia yenye meno ya mshazari, rota itajizungusha kidogo kadiri unavyoinua. Pale ilipoishia weka alama ya tatu. Siku ya kurudisha unaanzia kwenye hiyo ya tatu, na disributa ikishuka rota inajirudisha yenyewe kwenye ya kwanza. Wengi wanaelekeza rota kwenye alama ya kwanza ikiwa bado juu, ikizama inakuwa imepita jino zima, wanabaki kushangaa.

Kuanzia hapo hakuna wa kugusa stata, wala kusogeza gari ikiwa kwenye gia. Krank, ile shafti kuu inayosukumwa na pistoni, isipozunguka, kazi yako ni ya dakika chache.

Tuseme imezunguka. Au gari imeletwa kwa kamba, disributa iko kwenye mfuko wa plastiki na aliyeifungua hapokei simu. Hapo alama za kwenye disributa sahau, hata kama zipo, maana zinakwambia tu mtu wa mwisho aliiachaje. Mwenye ukweli ni pistoni namba moja, ile ya upande wa puli.

Fungua plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe krank kwa spana kufuata saa, ukiitazama kutoka mbele ya puli. Ukisikia upepo unasukuma kidole kwa nguvu, hiyo ndiyo kompresheni. Endelea taratibu mpaka mkato wa puli ufike kwenye sifuri ya kipimo kilicho kwenye injini pembeni yake. Sababu ya kidole ni hii: krank inazunguka mara mbili wakati kamshafti, shafti inayofungua vali, na disributa zinazunguka mara moja. Kwa hiyo mkato unapita kwenye sifuri mara mbili, mara moja pistoni ikimaliza kukandamiza na mara nyingine ikimaliza kutoa moshi. Ukifunga kwenye ile ya moshi, disributa iko kinyume kabisa, nyuzi 180, na gari itapiga risasi kwenye karubeta au ekzosi badala ya kuwaka.

Ukiwa topu ya kompresheni, yaani pistoni iko juu kabisa baada ya kukandamiza, ingiza disributa ili rota itazame ncha ya waya namba moja kwenye kofia. Waya zinafuata 1-3-4-2 kwa injini hizi, kwa upande ambao rota inazungukia. Upande huo usikisie; mwambie mwenzako asogeze krank kidogo uone mwenyewe.

Ikigoma kukaa chini, usiigonge na usiivute kwa bolti. Kwenye 5K, mwisho wa shafti ya disributa unaingia kwenye mfereji wa pampu ya oili. Chukua bisibisi ndefu, geuza mfereji huo mpaka ulingane, itazama bila ugomvi.

Ikishawaka, iache ipate moto, zima AC na taa. Sasa ndipo taa ya taiming, ile inayomulika alama za puli kila plagi ya kwanza inapopiga moto, inafanya kazi, na hapa ndipo naona mafundi wazoefu wakikosea. Kwenye 4A, 5A na 7A za EFI, yaani zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, lazima uunganishe matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi ndipo usome nyuzi 10 kabla ya topu. Bila kuunganisha, kompyuta inasogeza moto yenyewe, na wewe unahangaika na alama isiyotulia. Za karubeta, chomoa mpira wa vakyumu, ule unaovuta hewa kutoka kwenye disributa, na uuzibe. Kiasi cha injini nyingine tafuta kwenye kibandiko chini ya boneti. Kikiwa cha Kijapani, tarakimu utazisoma tu.

Geuza bodi kinyume na mzunguko wa rota kuwahisha moto, kuufuata kuuchelewesha. Kaza bolti, kisha pima tena, kwa sababu kukaza nako kunasogeza.

Wapo wanaofunga kwa sikio, na nawaheshimu. Wanatega mpaka gari iwe nyepesi, wanaipandisha mlima wa Bugando, haigongi, mteja anaondoka amefurahi. Tatizo ni kwamba hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, kwa hiyo injini inavumilia moto uliowahi kupita kiasi. Gari hiyo hiyo ikishuka Dar es Salaam na mzigo inaanza kulia kama misumari ndani ya kopo, na pistoni ndizo zinazoumia. Waliochelewesha kwa kuogopa mlio nao wanaipa gari uzito, joto na kiu ya mafuta. Taa ya taiming inunue mapema, hata ya mtumba.

La mwisho ni mfereji wa bolti pale disributa inapofungwa. Ukikuta umegeuza bodi mpaka mwisho na nyuzi 10 bado hazijafika, usichukue tupa kuurefusha. Labda uliingiza rota jino moja pembeni, au mkanda wa taiming wenyewe, unaounganisha krank na kamshafti, umeruka. Chomoa uingize upya, na ikigoma tena fungua kava la mkanda. Na gari ikija kwako mfereji wake tayari umeliwa na tupa, anzia hapo kwenye kava kabla hujagusa kitu kingine.