Unga wa mlonge unaofanya mabonge na kunuka uvundo

SWALI: Naanika majani ya mlonge juani, juu ya turubai, siku mbili, kisha nasaga. Unga unatoka wa kahawia, na baada ya wiki tatu kwenye kopo unafanya mabonge na kunuka uvundo. Nakosea wapi? Na baba ana kisukari, anameza glibenklamidi, anaweza kuutumia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hizo ni kasoro mbili tofauti. Kahawia inaletwa na jua kali, ambalo pia linapunguza vitamini A. Uvundo ni wa maji yaliyobaki, hasa kwenye vikonyo. Kijani, yaani jani dogo, hukauka upesi, kikonyo bado kibichi. Ukivisaga pamoja, unyevu wote unahamia kwenye unga.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, na uanike siku hiyohiyo, maana majani yaliyorundikwa kwenye kiroba hupata joto na kuanza kuharibika. Yaoshe, yaloweke dakika 3 hadi 5 katika maji ya chumvi (gramu 10 kwa lita 1), yasuuze, yachuje. Pukuchua vijani, vikonyo tupa. Tandaza kwenye wavu uliowambwa ndani ya chumba chenye hewa, kilo 1 kwa mita moja ya mraba, isizidi. Chandarua chenye dawa ya mbu usikiguse kabisa kwa kazi hii. Geuza kila siku. Kwa hewa ya pwani, feni ndiyo itakayokufaa. Siku 4 zikipita hayajakauka, umeyajaza mno.

Kabla ya kusaga, fikicha kijani kwenye vidole. Kikivunjika kwa mlio na kuwa chenga, tayari. Kikipinda bila kuvunjika, kirudishe. Blenda hupasha unga joto, kwa hiyo uache upoe kwenye sinia kabla ya kufunika. Kisha jaza chupa kavu ya kioo, ifunge, na itazame kesho yake: ukiona ukungu wa maji chini ya kifuniko, unga haujakauka. Chupa ikae gizani, mahali pa baridi, na kijiko kibichi kisiingie. Ukihifadhiwa hivyo unafika miezi 6.

Huo ulionuka utupe wote, hata sehemu isiyo na mabonge. Sumu za kuvu haziondoki kwa kuchemsha.

Kuhusu baba: mlonge unaweza kushusha sukari, na glibenklamidi nayo inashusha. Vikikutana anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba, hata kuzirai. Amwambie kwanza daktari wake, na kama ataruhusiwa, aanze na nusu kijiko cha chai kwa siku kwenye uji ulioepuliwa, akipima sukari mara kwa mara. Dawa asiache. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asiuanze bila kumwona daktari, kwa sababu majani haya yana vitamini K nyingi. Mizizi na magome msitumie kabisa, na kwa mjamzito ni hatari zaidi.