Mwalimu, baba amefungia hobi yangu kabatini

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja: masomo yamemeza kila kitu. Nimechagua sita. Mlioandika "hobi" mmeandika sawa. Kamusi zetu za zamani zinasema "uraibu", lakini siku hizi ukimwambia mtu una uraibu atakutafutia nafasi soba hausi, kule wanakoachishwa dawa za kulevya. Neno hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Mwanza. Napenda kuchora sura za watu kwa penseli. Baba amelichukua daftari langu la michoro na kulifungia kabatini mpaka nimalize mtihani Novemba. Je, nichore kwa siri?

Marahaba mwanangu. Kwa siri, hapana. Utachora huku sikio liko mlangoni, na siku utakayokamatwa utapoteza daftari pamoja na imani ya mzee. Mwendee ukaongee naye. Ila usimwambie kwamba kuchora kutakusaidia kwenye Biolojia. Kweli kutakusaidia, moyo na figo zako zitapendeza kuliko za darasa zima, lakini baba akishazoea kupima michoro yako kwa alama, siku alama zikishuka atakuwa na haki ya kulichoma hilo daftari.

Mwambie ukweli kwamba ukichora kichwa kinatulia. Kisha mpe saa: Jumamosi, saa kumi alasiri hadi kumi na moja na nusu. Daftari litoke kabatini, muda ukiisha lirudi, na ufunguo abaki nao yeye. Kinachowatisha wazazi ni jambo lisilo na mwisho. Akiona Jumamosi tatu mfululizo unalirudisha mwenyewe bila kuitwa, huenda huo ufunguo akausahau mlangoni.

Mkishawekwa kambi ya mtihani, punguza lakini usiache. Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuacha. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliapa kutogusa bao miezi mitatu mizima ili nisome. Bao sikugusa. Kusoma nako sikuongeza hata ukurasa, kwa sababu ile saa moja ya jioni niliyoinyang'anya bao ilichukuliwa na porojo za bwenini, nazo porojo hazina mshindi wala mwisho. Chora dakika kumi kabla ya kulala, nyuma ya karatasi iliyoharibika.

Mambo Mwalimu! Niko mwaka wa pili, Dar. Hobi yangu ni mpira: kucheza, kuangalia, na mikeka kidogo, yaani kubeti, ya kuchangamsha mechi. Semista iliyopita nilishika sapu mbili, mitihani ya kurudia. Nigawe vipi muda?

Poa, na utani umeishia hapo.

Umetia vitu vitatu kwenye kapu moja. Kucheza, endelea, hata mara mbili au tatu kwa wiki. Kuangalia, chagua. Simba na Yanga siwezi kukukataza, hata mimi nitakuwa nimekaa mbele ya runinga. Lakini mechi ya saa tano usiku huko Hispania, ya timu ambazo huwezi kuwataja hata makipa wao, unaifuata nini? Unaufuata mkeka. Na dakika 90 za mpira si hoja. Hesabu na zile saa mbili za kubishana kijiweni baada ya filimbi.

Mkeka wenyewe hauna nafasi kwenye ratiba nitakayokupa. Ukifungwa uwanjani jioni, unaoga, unakula, unalala. Mkeka ukichanika unatafuta mwingine wa kurudisha hela, na hela yenyewe ni bumu, mkopo wa chuo, ambalo siku moja utadaiwa. Hapa ndipo lile neno la kamusi linapopata maana yake mpya. Jaribu mwezi mmoja bila kuweka hata shilingi. Ukishindwa, usiniandikie tena mimi, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Wameshawaona wengi.

Mwalimu, nina miaka 34, watoto wawili, kazi ya mchana, na nasoma Chuo Kikuu Huria. Zamani nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi. Sindano sijaishika huu mwaka wa pili. Nikikaa kufuma naona kama nawaibia wanangu.

Dada yangu, pole na hongera, vyote viwili. Chuo Huria kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, wanaosoma bila kuacha kazi wala nyumba, lakini hakuna chuo kinachomwongezea mtu saa ya 25.

Bahati yako ni kwamba kufuma ni kazi ya mikono, na mikono ikishaijua njia, macho na masikio yanabaki huru. Fuma mkubwa akifanya hesabu zake za nyumbani na mdogo akichezea lile donge la uzi, maana atalichezea tu. Hapo hujamwibia mtu. Ukitaka, soma notisi zako kwa sauti, jirekodi kwenye simu, uzisikilize huku unafuma. Lakini si kila siku, dada. Siku nyingine fuma ukiwa husikilizi chochote. Na usianze na seti nzima ya makochi. Anza na kitambaa cha kufunikia jagi, kinachoweza kuisha ndani ya wiki.

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa anaongoza nchi, na bao alicheza. Simtaji ili ujione mvivu, yeye alikuwa na watu wa kumpikia. Namtaja kwa sababu hakungoja astaafu.

Nasoma Dodoma. Kila hobi ninayoiona mtandaoni inataka hela: kamera, baiskeli, gitaa. Sisi tusio nacho tufanye nini?

Chimbeni ardhi. Sitanii. Mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, tayari mna bao. Kete 64 ni komwe, na mkikosa komwe, kokoto zinatosha. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Mengine mtafute mzee wa kuwafundisha, kwa sababu bao la kuelezwa kwenye karatasi halinogi, na mzee mwenyewe atafurahi kupata wa kumfunga.

Kama moyo wako uko kwenye rangi, kumbuka kwamba Edward Saidi Tingatinga hakusomea sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hapo Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari. Alitumia kilichokuwapo. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Au inua macho tu. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Daftari moja na kalamu moja, kila asubuhi njiani kwenda darasani, andika uliyemwona, hata kama humjui jina.

Nasoma uhasibu Arusha. Wikiendi naoka keki, basi tu napenda. Kila anayeionja ananiambia nifungue biashara. Nifungue?

Siku hizi ukimwonyesha mtu kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, neno lake la kwanza ni "unauzaje?" Wewe ni mhasibu, basi piga hesabu na hii: oda ya harusi itaingia wiki ya mitihani, na bibi harusi haahirishi. Kama ada inasumbua, uza, hakuna aibu hata kidogo. Ila ujue kuanzia siku hiyo keki ni kazi, na itabidi utafute kitu kingine cha kukupumzisha. Kama ada imelipwa, oka, kula, gawia majirani, na anayeuliza bei mwambie bei yake ni kuosha vyombo.

Najifunza gitaa hosteli. Wenzangu chumbani wananuna kila nikiligusa. Nifanyeje?

Chomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu na daraja la gitaa. Sauti itafifia na vidole vitaendelea kujifunza. Ikifika saa nne usiku, hata kama lina sponji, liingie uvunguni.

Na ujifunze wimbo wa pili. Inawezekana hawalichukii gitaa.