Vidole vya Kaka Yangu

Swali lenu la wiki hii, kama video nzuri inaweza kuuokoa wimbo hafifu, limenikera tangu nilisome. Mimi nauliza upande wa pili: wimbo mzuri ukishaangukia mikononi mwa mtu wa kukata video, nani atauokoa?

Benga, muziki wetu wa gitaa wa huku Nyanza, mnaijua. Mwimbaji anaanza, anasimulia, anawasifu watu wake, kisha ananyamaza. Hapo gitaa la solo linauchukua wimbo na mbio zinapanda hadi mwisho. Wachezaji wote walikuwa wanangoja hapo. Sasa nikiona video ambayo mwimbaji akinyamaza tu tunarushwa juu na droni, tunaonyeshwa ziwa, magugu maji, mapaa ya mabati na gari la kukodi, naona tumeibiwa. Mpigaji yuko wapi?

Kaka yangu anapiga solo. Video ya bendi yao ilirekodiwa ufukweni Dunga, alfajiri, kabla wanunuzi wa samaki hawajajaa. Mimi nilibeba mashati na chupa ya chai. Kijana wa kamera alitaka mwendo wa taratibu, ule ambao shati linapepea kama liko majini. Kuupata, kamera inanasa picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na wimbo unachezwa kwenye spika kwa kasi maradufu, ili picha zikipunguzwa mwendo, midomo iafikiane na sauti. Mwimbaji aliweza, alikimbiza maneno kama mtu anayenadi mitumba sokoni Kibuye. Lakini vidole? Benga yenyewe tayari ni mbio, uizidishe mara mbili! Kaka alijaribu mara sita. Ya saba hakuianza. Alipangusa nyuzi kwa kitambaa, taratibu, moja baada ya nyingine, akasema, "Tuendelee na mengine."

Baada ya wiki mbili nilimfuata yule kijana chumbani kwake Kondele, nimefura. Video imekamilika na kaka hayumo. Mwimbaji akinyamaza, ni mitumbwi, makasia, mama anayepaa magamba ya ngege, basi.

"Kaka yangu umempeleka wapi?"

Alinivutia kiti. "Keti, dada." Akafungua vipande vyote sita, akazima sauti. "Tazama vidole." Kisha akaiwasha. Kidole kimetua kule karibu na kichwa cha gitaa, na sauti inayotoka ni ile kali ya karibu na tumbo. Kipande cha pili vilevile. Cha tatu niliinamisha macho.

"Nikiiweka hii," akasema, "kila mpiga gitaa wa Kisumu atasema si kaka yako aliyepiga."

Kumbe alikuwa anamsitiri. Akanionyesha na jinsi alivyokata. Wimbo ule una mapigo 150 kwa dakika, kwa hiyo kila pigo ni picha 10. Alikuwa amezihesabu: kila baada ya mapigo manne, picha 40, kasia jingine linaingia majini, sawia kabisa na pigo la besi. Tukaitazama hiyo sehemu mara nne au tano, bila kusema neno.

Hata hivyo sikulegea. Kaka akarekodiwa upya nyumbani, kwa kasi ya kawaida, kamera imesimama, sekunde 40 za vidole bila mkato hata mmoja. Makasia yakatolewa kumpisha.

Kwa hiyo jibu langu, na mnisamehe likipingana na nilivyoanza. Bado nataka mpigaji aonekane, angalau kwenye benga. Gengetone, ule muziki wa vijana wa Nairobi, sijui sana, labda mikato ya harakaharaka inaifaa. Zile sekunde 40 ni haki ya kaka na nikiziona najivuna. Ila wimbo huo niliusikia ukifanyiwa mazoezi sebuleni kwetu miezi mizima, na besi yake sikuwahi kuisikia mpaka nilipoona makasia yakiingia majini. Siku hizi ikifika pale naviona vidole, na masikio yangu yanatafuta kasia.

Nilimwomba kijana nakala ya kwanza. Ninayo kwenye simu. Kaka sijamwonyesha.

Msomaji wenu, Manyatta, Kisumu