Jibu: Vijiji vitatu vya Alpujarra kwa siku moja, bila gari

Habari mkuu. Umeuliza kama kundi lenye wazee litamudu Pampaneira, Bubión na Capileira, vijiji vya Alpujarra, eneo la milima kusini mwa Hispania, kwa siku moja kutoka mji wa Granada, tena bila gari. Litamudu. Kwanza angalia basi la mwisho la kurudi. Mabasi ni machache, na ratiba hubadilika. Pandeni na basi la kwenda mpaka Capileira, takriban mita 1,430 juu ya usawa wa bahari, mshuke kwa miguu hadi Pampaneira, karibu 1,060. Magoti yatalalamika, hasa njia ikilowa, kwa hiyo fimbo kwangu ni muhimu kuliko viatu vya bei. Atakayechoka aishie Bubión, basi linapita hapo. Maji jazeni kwenye chemchemi za vijijini, ila palipoandikwa "no potable" (si ya kunywa) msinywe. Chakula cha mchana huko ni kuanzia saa nane hivi; saa sita mtaambulia kahawa tu.