Kwa nini Kilindini ni kirefu hivyo bila mto mkubwa?

Ndugu, umeuliza Kilindini, bandari kuu ya Mombasa, kilipata wapi kina chake wakati mito inayoingia, kama Mwache, ni midogo. Jibu liko zamani za barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na mito ikachimba mabonde katika miamba ya matumbawe ikiteremkia ufuo uliokuwa mbali. Bahari ilipopanda, mabonde yakazama: moja likawa mkono wa bahari wa Kilindini na Port Reitz, jingine ule wa Tudor, na Mombasa ikabaki kisiwa katikati.

Jina lenyewe linasema: kilindi, mahali penye kina. Hata hivyo majahazi yalizoea Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu. Kilindini kilichangamka reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896.

Usisahau Makupa, mahali kisiwa kinapoungana na bara. Tuta la barabara lilizuia maji yasipite kati ya Port Reitz na Tudor, na maji yasipopita, tope na taka hutuama kwenye mikoko. Daraja lililochukua nafasi ya tuta hilo lilifunguliwa mwaka 2022. Nenda wakati wa bamvua, maji yakianza kujaa, utazame mkondo chini ya nguzo.